Nyumba za Manju Kando ya Virunga

Msafiri atokaye Goma kuelekea Rutshuru, akiisha kuipita Munigi na Kibati, hupanda taratibu juu ya ardhi nyeusi iliyozaliwa na moto wa mlima, na afikapo Kibumba, yapata kilomita 25 kutoka mjini, hukuta hewa imekwisha kugeuka baridi na mashamba ya kabichi, viazi, karoti na vitunguu yametandazwa pande zote mbili za barabara. Kushoto kwake umesimama Nyiragongo, wenye kimo cha mita 3,470 na ziwa la moto ndani yake. Kulia iko Mikeno na Karisimbi, milima iliyolala tangu zamani, wa kwanza ukipita mita 4,400 na wa pili mita 4,500. Mvua hunyesha kwa wingi, walakini mito haipo, kwa kuwa jiwe lenye matundu hulimeza kila tone, na maji ya kunywa yamekuwa ndiyo taabu ya siku zote ya wakaaji wa huko. Mazao yao huteremshwa Goma kwa malori na kwa chukudu, chombo cha mti chenye magurudumu mawili ambacho mafundi wa Kivu hukichonga kwa mikono yao, na ambacho kikishuka kutoka Kibumba hakina cha kukiendesha ila mteremko wenyewe na ujasiri wa kijana aliyekishika.

Nimeitaja milima kwanza kwa sababu masimulizi ya kale ya pande zote mbili za nchi hii yameiweka mizimu yake humo. Wanyanga, wakaao magharibi katika misitu ya Walikale, waliamini ya kuwa roho za wafu na miungu yao, akiwamo Nyamurairi mwenye moto, makazi yao ni katika nchi ya volkano. Na upande wa mashariki, wafuasi wa ibada ya Ryangombe walisema kwamba wema huenda kustarehe pamoja na bwana wao juu ya Karisimbi, ilhali waovu hutupwa katika moto wa Nyiragongo. Ardhi ya Kibumba, basi, iko baina ya viti viwili vya mizimu, na masimulizi yaliyotungwa mbali, na watu wasiojuana, yalikutana juu ya vichwa vya wakulima wake.

Masimulizi hayo hayakuandikwa. Yalikaa katika nyumba za watu, nyumba ambazo jirani aliweza kuzionyesha kwa kidole: hii ni ya manju, ile ni ya wapiga ngoma, na ile ya ng'ambo ni ya mpiga kinanda wa mfalme. Waswahili husema maji hufuata mkondo, na wengi wakiulizwa kwa nini mtoto wa manju amekuwa manju huridhika na jibu hilo, kana kwamba kipaji kilikuwa damuni mwake tangu tumboni mwa mama. Mimi sikatai ya kuwa silika hurithiwa. Lakini nikizitazama nyumba mashuhuri za sanaa katika nchi zinazoizunguka Virunga, naona kwamba mkondo ule ulichimbwa kwa jembe, na kwamba waliouchimba walikuwa na mapatano ya dhahiri, ama na mfalme, ama na mizimu, ama na jamaa zao wenyewe, juu ya nani atafundishwa, kwa muda gani, na kwa malipo gani. Mapatano hayo yalipovunjika, damu peke yake haikuokoa kitu.

Mwaka 1956, katika kijiji cha Bese katika Walikale, mzee wa Kinyanga aitwaye She-Karisi Candi Rureke alikubali kumsimulia Daniel Biebuyck, mtaalamu wa mila kutoka Ubelgiji, pamoja na wasaidizi wake, kisa kizima cha shujaa Mwindo. Kwa muda wa siku 12 mzee huyo aliimba, akasimulia, akacheza na kuigiza, mkononi akiwa na kibuyu cha kutikisa, huku vijana watatu wakigonga mti mkavu uliolazwa juu ya vijiti na kuitikia kila alipowapa nafasi ya kuitikia. Waandishi waliandika kwa kasi mpaka mikono ikawauma, na msimulizi akasema mpaka sauti yake ikachoka. Katika siku hizo Rureke alisema zaidi ya mara moja jambo ambalo kwangu mimi ndilo la thamani kuliko yote yaliyosemwa juu ya sanaa yake: kwamba katika maisha yake yote hajapata kukisimulia kisa chote kwa mfululizo namna ile.

Hakupata, kwa sababu desturi haikumtaka afanye hivyo. Manju wa Kinyanga aliitwa na chifu au na mkubwa wa kijiji. Watu walikusanyika jioni, pombe ya ndizi ikaletwa na chakula kikapakuliwa. Naye akatoa sehemu moja ya kisa, ile iliyopendwa na hadhira au iliyolingana na haja ya siku hiyo, akatunzwa shanga na vikuku, kisha akaenda zake. Tafsiri yake ni kwamba utenzi mzima, wenye mwanzo wake na mwisho wake, haukuwahi kusikika mahali popote. Ulikuwamo kifuani mwa manju peke yake, na aliyetaka kuupata hakuwa na njia nyingine ila kuandamana naye miaka na miaka, kutoka baraza hadi baraza, akikusanya kipande hiki hapa na kile kule, mpaka siku moja vipande vikashikana akilini mwake. Na nani aliyekuwa na nafasi hiyo? Ni wale vijana waliogonga mti mkavu. Msikilizaji wa juujuu angedhani wapo kwa ajili ya kutia mwendo tu, lakini miongoni mwao alikuwamo mwanafunzi, na kule kuitikia kwao ndiko kulikokuwa darasa. Aghalabu mwanafunzi alikuwa jamaa ya manju, kwa kuwa ni jamaa peke yake awezaye kula chungu kimoja na mwalimu wake kwa muda mrefu hivyo bila ya mtu kumwuliza anatafuta nini.

Hata hivyo udugu haukutosha. Juu ya jamaa kulikuwa na Karisi, mzimu wa kiume ambaye, kwa itikadi ya Wanyanga, ndiye atakaye masimulizi haya yasimuliwe, na ndiye ampaye manju afya na kumkinga na maradhi na mauti. Rureke alisimulia kwa kuwa Karisi alimtaka asimulie. Kuacha kusimulia kungekuwa ni kuivunja amana na kujitia hatarini. Mimi nikilitafakari jambo hili naona hekima yake: wazee walijua ya kwamba mtoto huweza kumkaidi baba, na kwamba baba huweza kumwonea mwanawe huruma akamwachia acheze badala ya kujifunza, kwa hiyo wakaiweka sanaa chini ya mamlaka ambayo baba na mwana wote wawili waliyaogopa.

Na kisa chenyewe kinahusu nini? Kinahusu mirathi. Shemwindo, chifu mwenye wake saba, alitoa amri kwamba wakeze wazae watoto wa kike tu. Mke wake kipenzi akamzaa Mwindo, mtoto aliyetoka akitembea na kusema, mkononi ana usinga wake wa ajabu. Baba alijaribu kumwua, akashindwa. Akamtia ndani ya ngoma, akaifunika kwa ngozi na kuitupa mtoni. Ngoma ile ikapita majini ikiimba, mpaka Mwindo akafika kwa shangazi yake Iyangura, akatoka, akarudi kumtafuta baba yake, akamfuata hata chini ya ardhi katika nchi ya miungu, akapita kwa Muisa na kwa Sheburungu, akamrejesha nyumbani hali yu hai. Mbele ya mkutano wa watu Shemwindo alikiri kosa lake na kumkabidhi mwanawe enzi. Nafikiri si bahati tu kwamba kisa cha baba aliyekataa kurithiwa kilitunzwa na watu ambao kazi yao yote ilikuwa ni kurithishana. Kijana aliyegonga mti mkavu alikisikia kila mara: ole wa baba amfungiaye mwana ndani ya ngoma.

Maandishi ya Rureke yalichapishwa mwaka 1969 na chuo kikuu cha California, Biebuyck akiwa pamoja na Kahombo Mateene, ambaye ni Mnyanga mwenyewe na ambaye baadaye aliongoza mjini Kampala ofisi ya lugha ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika. Kitabu kina maneno ya Kinyanga pamoja na tafsiri yake, na mwaka 1978 Biebuyck alitoa kitabu kingine chenye masimulizi ya manju wengine, ambayo kwa mambo mengi hayafanani na ya Rureke. Tofauti hizo ni ushahidi mkubwa. Kila nyumba ilikuwa na Mwindo wake, aliyepokewa na kupewa mwenendo wa nyumba hiyo, na lau kama waandishi wangelala kijiji kingine usiku ule, ulimwengu leo ungemjua shujaa mwingine.

Tukiiacha misitu ya Walikale na kushuka kusini hadi Burundi, twakuta mapatano ya namna nyingine. Gishora iko kilomita 7 kutoka Gitega, juu ya kilima ambacho masimulizi yanakihusisha na Mwami Mwezi Gisabo, aliyetawala katika karne ya 19 hadi mwaka 1908: yasemwa ya kuwa alijenga hapo baada ya kumshinda mwasi wake Ntibirangwa, akaiweka huko ngoma na kuikabidhi kwa watu wa ukoo wa Abanyigisaka. Hapakuwa na mtu wa nje aliyeweza kujipenyeza. Ngoma zilichongwa katika mti uitwao umuvugangoma, zikavikwa ngozi ya ng'ombe, na hazikupigwa ovyo: zililia kwa kutawazwa mwami, kwa maziko yake, na kwa sikukuu ya umuganuro, wakati mtama ulipobarikiwa kabla ya kupandwa. Mtoto wa Gishora alizaliwa akiwa mpiga ngoma kwa sheria kabla hajawa mpiga ngoma kwa ustadi. Walakini ustadi nao alidaiwa, kwa maana katika nusu duara ile kila ngoma ina kazi yake: ziko zinazovuma bila kukoma, ziko zinazojibu, na katikati iko inkiranya, ngoma iongozayo, ambayo kila mchezaji huijia kwa zamu, akairukia, akaonyesha alichofundishwa, na wazee wakamwona.

Ufalme wa Burundi ulifutwa mwezi wa Novemba 1966. Ilitazamiwa ya kuwa kazi ya ukoo itakufa pamoja na mwami aliyeitaka, lakini mambo yalikwenda kinyume. Mwaka 1967 ngoma hizo zilinaswa katika sahani za santuri kwa ajili ya Wafaransa, na mwaka 1975 mwimbaji wa Kanada Joni Mitchell akaziweka ndani ya wimbo wake mmojawapo. Hata wapiga ngoma wa Burundi wakawa watu wa kuzunguka dunia. Mzee Antime Baranshakaje, aliyewaongoza watu wa Gishora, alisimama kwenye daraja hilo la enzi mbili: kijana wa ngoma ya mwami, na mzee wa ngoma ya taifa. Mwaka 2014 shirika la UNESCO liliiandika ngoma ya kifalme ya Burundi miongoni mwa urithi wa wanadamu wote. Miaka mitatu baadaye, Oktoba 2017, amri ya Rais iliwakataza wanawake kuipiga, wakaachiwa ruhusa ya kucheza tu. Naandika bila kuficha ya kuwa jambo hili limenihuzunisha. Mlinzi wa amana ana haki ya kuuliza nani ataishika, hilo nakubali. Lakini nyumba yenye watoto kumi ikiwakataza watano, imejinyima nusu ya masikio iliyopewa na Mungu.

Buganda ndiko mapatano haya yalikokuwa bayana kuliko kwingine kote. Wapigaji wa Kabaka, mfalme wa huko, walipewa ardhi, na kwa ajili ya ardhi hiyo walikuwa na zamu katika Lubiri, kasri la Mengo. Wapigaji wa akadinda, yale marimba makubwa ya vibao 17 au 22, walitoka kijiji cha Nabbale katika wilaya ya Kyaggwe. Wengine walikuja na filimbi, wengine na makondere ya vibuyu, na wengine na entenga, ngoma 15 zilizolinganishwa sauti, zilizopigwa na watu sita kwa pamoja. Baba aliyekufa bila ya kumfundisha mwana aliiweka ardhi ya jamaa yake mashakani. Hapana shaka ya kuwa khofu hiyo ilifanya kazi ambayo mapenzi peke yake yasingeifanya.

Hapa nataka kukaa kidogo juu ya muziki wenyewe, kwa kuwa namna ulivyoundwa yaeleza sababu ya kukaa katika familia kuliko maelezo yoyote ya nasaba. Amadinda, marimba madogo kuliko akadinda, ina vibao 12 na wapigaji watatu. Wa kwanza hupiga sauti zake kwa mwendo ulio sawasawa. Wa pili, ameketi upande wa pili akimtazama, huziingiza zake katikati ya zile za mwenziwe, kila moja ikianguka katika nafasi iliyoachwa wazi. Wa tatu husikiliza sauti fulani zinazotokea katika mchanganyiko huo na kuzikariri juu kabisa, katika vibao viwili vya mwisho. Mwendo ni wa kasi mno, na msikilizaji husikia wimbo ambao hakuna hata mmoja wa wapigaji aupigaye. Mtu akiketi peke yake na marimba hayo, awe na kipaji kiasi gani, hana la kufanya: nusu ya wimbo si wimbo. Yamlazimu apate mwenziwe wa kila siku, aliyezoea mkono wake, asiyemtoroka, na wa tatu wa kuwasikiliza wote wawili. Na katika kijiji cha wakulima watu wa namna hiyo ni ndugu wa tumbo moja, au baba na wanawe. Aliyeutunga mtindo huu alijenga ndani yake haja ya kuwa na jamaa.

Tarehe 24 Mei 1966 majeshi ya serikali ya Uganda chini ya Obote yaliishambulia Lubiri. Kabaka Muteesa II alitoroka, akafia London mwaka 1969. Ufalme ulifutwa mwaka 1967. Vyombo vingi vya kasri viliangamia, na zamu za wapigaji zikakoma kwa siku moja. Kilichobaki kilibaki kwa sababu ya mtu kama Evaristo Muyinda. Huyu alikuwa mpigaji wa Kabaka, lakini kabla ya maafa hayo alikuwa amekwisha kuingia katika kazi ya Makumbusho ya Uganda chini ya Klaus Wachsmann, akiwapigia na kuwafundisha watu wasio wa ukoo wake wala wa taifa lake. Gerhard Kubik, kijana kutoka Austria, alianza kujifunza kwake mwishoni mwa miaka ya 1950. Naweza kufahamu iwapo baadhi ya wenziwe waliona ya kuwa anatoa mali ya nyumbani. Lakini kasri lilipoungua, mali iliyokuwa nje ndiyo iliyosalimika. Mwenziwe Albert Ssempeke, naye mpigaji wa zamani wa kasri, alifundisha mpaka kufa kwake mwaka 2006, na mwanawe, Albert Bisaso Ssempeke, ameendelea na kazi ya baba. Kwa hiyo nyumba moja imeshika njia mbili kwa pamoja, ya mwana na ya mgeni, wala sioni ya kuwa moja imeipunguzia nyingine.

Wala mirathi ya sanaa haikuwa ya wanaume tu. Huko Gisaka, mashariki ya Rwanda, iko sanaa ya imigongo, michoro ya mistari na pembe iliyoinuliwa kwa samadi ya ng'ombe iliyochanganywa na majivu, kisha ikatiwa rangi nyeusi, nyeupe na nyekundu. Masimulizi humtaja Kakira, mwana wa Mwami Kimenyi, kuwa ndiye aliyeianza ili kuipamba nyumba yake. Lakini walioitunza kwa vizazi ni wanawake, mama akimpa binti, ukutani mwa nyumba zao, bila ya ardhi ya kifalme wala zamu ya kasri. Baada ya mauaji ya kimbari ya mwaka 1994 wanawake wa Nyarubuye, wajane wengi miongoni mwao, ndio walioirudisha.

Mwaka huo wa 1994 unanirudisha Kibumba. Katika mwezi wa Julai mamia ya maelfu ya watu kutoka Rwanda walivuka mpaka kuingia Goma kwa muda wa siku chache, na wapatao 200,000 wakapiga kambi Kibumba, juu ya jiwe lisilo na maji na lisilochimbika hata kaburi. Maji yaliletwa kwa magari, wala hayakutosha. Kipindupindu kilipoingia katika kambi za Goma, watu wapatao 50,000 walikufa katika mwezi wa kwanza, na miti ya hifadhi ya Virunga ikakatwa kwa kuni. Kambi ilishambuliwa na kuvunjwa mwishoni mwa Oktoba 1996. Tangu hapo zamu ya kukimbia imewafikia wenyeji wenyewe: Mei 2021 Nyiragongo ulilipuka na kuikata barabara ya kwenda Goma, na mwaka 2022 vita viliwahamisha wakaaji wengi wa Kibumba, wakaenda kulala chini ya maturubai huko Kanyaruchinya.

Mwenye kuandika tarikhi ya sanaa za ukoo hana budi kuyahesabu mambo haya, ingawa hakuna wimbo uliotajwa ndani yake. Nyumba ya manju inahitaji jioni. Inahitaji mzee asiye na haraka, mtoto asiyetumwa maji ya mbali, na mti uliobaki kuwa mti mpaka upatikane wa kuuchonga. Kambi huvichukua vyote vitatu mara moja. Babu huwekwa upande mmoja na wajukuu upande mwingine. Siku huishia katika foleni. Na kila kipande cha ubao kina chungu kinachokingoja. Si kwamba watu wa kambini hawaimbi, la, huimba sana. Lakini huimba zile nyimbo ambazo kila mtu anazijua, na masimulizi ambayo yalihitaji miaka kumi ya kuandamana na mtu mmoja hayana pa kukaa. Ndiyo sababu sijali sana ninaposikia ya kuwa fulani ni mjukuu wa manju mkubwa, mpaka nisikie aliishi na babu yake wapi, na kwa muda gani.

Mjini Goma vijana wamejitafutia njia yao. Foyer Culturel imewafundisha wengi muziki na ngoma, kadhalika Yolé!Africa kwa upande wa filamu na muziki, na kuanzia mwaka 2014 tamasha la Amani liliwakutanisha waimbaji wa nchi za maziwa makuu, Wakongo kwa Warundi na Wanyarwanda, juu ya jukwaa moja. Nafurahi kwa hayo. Lakini kijana ajifunzaye kwa kijana mwenziwe hupata kilicho kipya kwa wepesi, na kilicho cha kale hukipata kwa nadra.

Ng'ambo ya Karisimbi, yapo mambo mawili ya inanga ambayo ningependa watu wa Goma wayazingatie, kwa kuwa chombo hicho, pamoja na ndugu zake, hakijui mpaka: Warundi wanacho, Washi wa Kivu ya Kusini wanacho, na Wakiga wa Uganda wanacho. Ni kinanda kilichochongwa katika kigogo kimoja kilichokombwa, na uzi mmoja mrefu, ambao zamani ulikuwa wa mishipa ya ng'ombe, hupitishwa huku na huku katika mapengo ya kingo zake mpaka ukawa nyuzi saba au nane. Huwekwa mapajani, nayo sauti yake ni ndogo. Mwenye kuighani tarikhi ya wafalme juu yake hulazimika kuketi karibu na wasikilizaji wake.

La kwanza ni la nyumba ya Sentore. Athanase Sentore, mpiga inanga, alilelewa miongoni mwa Intore, vijana wateule wa ngoma na adabu, katika enzi ya Mwami Mutara III Rudahigwa, aliyetawala kuanzia 1931 hadi 1959. Ghasia zilizofuata zikamtoa nchini, akaishi Burundi miaka mingi, akarudi kwao baada ya 1994, na akafa mwaka 2012. Mfalme aliyempa sanaa hakuwapo tena, wala ardhi, wala kasri. Lakini alikuwa na nyumba ugenini, na ndani ya nyumba hiyo alikua mwanawe Masamba Intore, ambaye leo ni miongoni mwa waimbaji wakubwa wa Rwanda. Na mjukuu wake Jules, aliyelelewa naye, akajipa jina la babu, akawa Jules Sentore, na kuimba pamoja na Masamba katika kundi la Gakondo. Vizazi vitatu vimepita katika uhamisho na kurudi bila ya uzi kukatika, na Desemba 2024 UNESCO iliiandika Intore katika orodha yake ya urithi.

La pili ni la Thomas Kirusu, mpiga inanga mashuhuri, ambaye alimketisha binti yake Sophie mbele ya kinanda angali mtoto mdogo, katika nchi ambayo inanga ilihesabiwa kuwa kazi ya wanaume. Sophie Nzayisenga alikua, akawa mmoja wa mastadi wa chombo hicho ambao jina lao linajulikana nje ya Rwanda, na wengi humtaja kuwa mwanamke wa kwanza kufikia daraja hiyo. Kirusu hakumwuliza mzimu wala mfalme. Alimtazama mtoto aliyekuwa naye nyumbani, akamfundisha huyo. Naye Nzayisenga, alipofika wakati wa kufundisha, hakuishia kwa walio wa damu yake. Miongoni mwa waliokwenda kwake ni Deo Munyakazi, kijana aliyependa inanga wakati wenziwe walipoiona kuwa ni kitu cha wazee. Akajifunza kwake, akaanza kuipiga mbele ya watu, na sasa yeye naye ana vijana wanaomjia wakiwa na vinanda vyao mikononi.